Tiketi ya Mama ni Tiketi Mbili

Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 46. Kaka yangu mkubwa anaishi Maskati, Oman, huu ni mwaka wa 23. Binti yake wa kwanza anaolewa mwishoni mwa Januari, siku chache kabla ya Ramadhani. Ndoa itafungwa Alhamisi jioni, Ijumaa usiku ni sherehe ya wanawake, Jumamosi mchana ni chakula cha familia. Kaka amesema atamlipia tiketi mama yetu, sisi wengine kila mtu ajitegemee. Mama ana miaka 74, ana presha, na anachoma sindano ya sukari asubuhi na jioni. Anasema bila mimi haendi.

Nina akiba ya Sh2,600,000. Humo ndani Sh1,500,000 ni ada ya mwanangu aliye chuo cha uuguzi, inadaiwa Machi. Wakala ameniambia tiketi ni Sh1,250,000. Bado pasipoti, bado viza, na wifi yangu ametuma picha za sare mbili za kina shangazi, jumla Sh280,000. Mume wangu anasema nikope kwa mshahara, kwani harusi ya mtoto wa kaka haiji mara mbili. Juzi kwenye kundi la familia niliuliza kama sare moja ingetosha. Wifi akajibu, “Wa kuja aje, wa kubaki abaki.” Kaka hakusema neno. Nililia. Nikibaki nitaonekana nina kinyongo, nikienda naona ninaila ada ya mwanangu. Nifanyeje?

Shangazi wa bibi harusi, Tanga

*

Mdogo wangu,

Ada ya mwanao usiiguse, na mkopo usichukue. Hayo mawili nayasema mwanzo ili ukisoma yanayofuata usitafute mlango wa kuyakwepa. Maskati uende, tena uende kwa moyo mkunjufu, lakini tiketi yako ailipe kaka yako.

Umeandika kana kwamba swali ni la wewe kwenda au kubaki. Katika barua yako mimi naona msafiri mwingine anayekutangulia, naye ni mama. Mwanamke wa miaka 74 anayechoma sindano mara mbili kwa siku hawezi kutoka Tanga peke yake, akafika Dar es Salaam, akapita ukaguzi wa uwanja wa ndege, akakaa angani saa tano na ushei, kisha akashuka ugenini na kujieleza mbele ya ofisa wa uhamiaji. Kaka yako aliposema atamlipia mama tiketi alisema jambo jema, ila hakulimaliza. Tiketi ya mama ni tiketi mbili, yake na ya mtu wa kumshika mkono. Mama mwenyewe ameshalisema hilo kwa lugha yake aliposema bila wewe haendi, na nyote mmelisikia kama deko la mzee.

Kwa hiyo ukimwomba kaka alipe tiketi yako, huombi akugharamie harusi. Unamtajia gharama kamili ya kumfikisha mama yake nyumbani kwake. Nadhani hilo ndilo lililokushinda kutamka, kwa sababu mambo yamechanganyika na sare, maneno ya wifi na ukimya wa kaka kundini. Yatenganishe. Kundi la familia lina watu wengi, na mwanamume anayelipia ukumbi, chakula na wageni hawezi kufungua hesabu zake mbele ya binamu na mashemeji. Huenda alinyamaza kwa kuona aibu. Huenda hata hakuusoma ujumbe. Usimhukumu kwa neno ambalo hakulisema.

Mpigie simu, msiandikiane. Maskati iko mbele yetu kwa saa moja, basi mpigie usiku wao baada ya Isha, akiwa ametulia. Mama asiwepo karibu, na simu usiiweke kwenye spika. Mwambie hivi, kwa maneno yako: “Kaka, nakupigia kwa habari ya mama. Ana hamu ya kukuona kuliko hiyo harusi yenyewe, na mimi nataka afike salama. Hawezi kusafiri peke yake, unaijua sukari yake. Nimepiga hesabu, nina uwezo wa kulipia pasipoti yangu, viza yangu na nauli yetu ya kufika uwanjani. Tiketi yangu siiwezi bila kugusa ada ya mtoto. Ukiweza kuilipa, mimi nitamshughulikia mama kuanzia mlangoni hapa mpaka nimrudishe kitandani kwake.” Kisha nyamaza umsikilize. Usiitaje sare. Usimtaje mkewe. Ukimtaja mkewe, mazungumzo yatamhama mama yatue kwenye ugomvi wa mawifi, na hapo kaka yako atalazimika kuchagua upande.

Akikubali, hesabu yako inakaa sawa. Ukitoa ada unabaki na Sh1,100,000. Pasipoti ya kielektroniki ni Sh150,000. Pasipoti ya mama umwombe ndugu yenu mwingine ailipe, kwani haiwezekani mama wa wengi agharamiwe na wawili. Iliyobaki itoshe viza, safari ya Dar, sare moja, zawadi, na akiba ya dharura ambayo hutaigusa mpaka iwe dharura kweli. Akisema anaweza nusu tu, bado unaweza kwenda, kwa sharti kwamba sare uiache kabisa. Zungumza na kijumbe wa mchezo wenu pia, kama una mchezo, akubadilishie zamu upokee Desemba. Nusu ya tiketi pamoja na sare mbili haitawezekana, na nakusihi usiilazimishe iwezekane.

Mumeo namheshimu, na anachosema kuhusu harusi ni kweli. Mwambie na ukweli wa upande wa pili. Mkopo wa mshahara hukatwa miezi na miaka, na hiyo mingine ya haraka haraka, tuliyoipa wenyewe jina la kausha damu, imewaacha walimu wengi wakipokea karatasi ya mshahara isiyo na mshahara. Siku tatu za sherehe hazistahili makato ya miaka miwili. Mtoto aliye chuo cha uuguzi akikosa kulipa awamu yake anaweza kuzuiwa kwenye mitihani, na anayeumia hapo ni mtu ambaye hata kwenye hiyo harusi hatakuwepo.

Sasa maandalizi, maana muda wenu ni mfupi kuliko unavyodhani.

Anzeni na karatasi za mama. Wazee wengi wa umri wake hawana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti au kiapo kinachokubalika, ombi la pasipoti husimama. Kama hana, nendeni RITA wiki hii, na mhakikishe jina lake kwenye kitambulisho cha NIDA limeandikwa sawasawa na kwenye cheti. Herufi moja ikitofautiana mtapoteza wiki kadhaa. Aliye na pasipoti tayari aangalie tarehe: iwe na angalau miezi sita mbele ya siku ya kuingia Oman. Viza ya Oman huombwa mtandaoni kwenye mfumo rasmi wa Polisi ya Kifalme ya Oman, na kaka yako akiwa mwenyeji wenu ndiye wa kuwaongoza huko. Msimpe fedha mtu wa kati anayesema ana njia ya mkato.

Ulizeni shirika la ndege kuhusu kadi ya homa ya manjano siku mnapokata tiketi. Tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani inafaa, lakini chanjo mpya huanza kuhesabika baada ya siku 10. Kwa mama jambo hili si la kwenda tu dirishani ukanyoosha mkono. Mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa manjano ana hatari kubwa zaidi ya madhara, hivyo daktari wake ndiye aamue, na kama hapaswi kuchanjwa aandike barua ya kumwondolea.

Wewe ni mtumishi, kwa hiyo siku nazo zina hesabu yake. Oman ilihamishia mapumziko ya wiki Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013, ndiyo maana harusi ya binti wa kaka yako imepangwa hivyo. Kwao ni mwisho wa wiki, kwako wewe Alhamisi na Ijumaa ni siku za kazi, tena Januari shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa. Ndege za moja kwa moja kati ya Maskati na Dar au Zanzibar zipo, lakini zitazame kwa siku zake kabla hujamwahidi mtu. Panga kuondoka Tanga Jumatatu au Jumanne, mlale Dar kwa ndugu usiku mmoja. Safari ya basi kutoka Tanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300, na kumshusha mama kwenye basi ukampeleke moja kwa moja kwenye ndege ni kumtesa. Mfike Maskati isizidi Jumatano, Alhamisi asubuhi apumzike. Kurudi iwe Jumapili au Jumatatu. Hiyo ni karibu wiki nzima ya darasa. Mwandikie mwalimu mkuu sasa, kwa maandishi, ukiwa tayari umezungumza na mwenzako wa kukushikia vipindi. Ruhusa inayoombwa miezi mitatu kabla ni nyepesi kuliko ile inayoombwa siku tatu kabla.

Kuhusu sukari yake niwie radhi nikikaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo safari za wazee huharibika. Sindano na dawa zote zikae kwenye mkoba wako wa mkononi, ndani ya vifuko vya ubaridi, kamwe zisiingie kwenye begi linaloshuka chini ya ndege. Huko chini kunaweza kupoa mno, na insulini ikiganda haifai tena. Chukua ya kutosha siku zenu zote na wiki moja ya ziada. Beba barua ya daktari yenye jina la dawa, kipimo, na maelezo ya kwa nini mna sindano. Kama mama ana vidonge vikali vya maumivu, vyenye kodeini au tramadoli, mwambie daktari mnakwenda nchi ya Ghuba. Dawa za aina hiyo zinadhibitiwa vikali huko, na msafiri asiye na cheti cha daktari anaweza kujikuta kituo cha polisi. Omba kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege angalau siku mbili kabla. Mama atakataa, atasema yeye si mgonjwa. Mwambie ni utaratibu wa uwanja.

Tofauti ya saa moja haitaivuruga ratiba ya sindano. Kitakachoivuruga ni chakula. Sherehe ya wanawake huanza usiku, na chakula chenyewe huweza kuja saa nne au saa tano, wakati mama ameshachoma sindano yake ya jioni. Mlishe nyumbani kabla hamjatoka, na uwe na tende mbili tatu na maji kwenye mkoba kama sukari itashuka. Halafu kuna halua. Kila nyumba mtakayoingia italetwa, na kahawa yake, na mama atasema kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Aonje kwa ncha ya kidole, inatosha. Kahawa akitosheka akitikise kikombe kidogo anapokirudisha, wenyeji wataelewa asiongezewe. Mchukulie shali ya sufu, maana Januari usiku wa Maskati una baridi kidogo, na kumbi zao zina viyoyozi ambavyo sisi watu wa Tanga hatujavizoea.

Upweke usiuhofie kwa ajili yake. Familia za mwambao zimegawanywa na bahari hii kwa vizazi. Wapo waliokwenda Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, wapo waliorudi huko Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika, na wapo waliofuata kazi baadaye. Kiswahili mtakisikia sokoni, msikitini na hapo ukumbini. Mama atapata wazee wenzake wa kuulizana nyumba za zamani na nani mtoto wa nani, na huenda hilo likamfurahisha kuliko maua yote ya jukwaani.

Kaka yako naye, au jirani zake, wataanza kuagiza: mabungo, embe, dagaa, muhogo. Matunda mabichi na mizizi vina masharti ya afya ya mimea na vinaweza kuzuiwa, basi chukueni vikavu, karafuu, mdalasini, korosho zilizokaangwa. Na hili nalisema kwa uchungu: msipokee kifurushi cha mtu yeyote, hata kama ni mtoto wa jirani, hata kama anasema ni dawa ya mama yake. Begi lenye jina lako ni lako mbele ya sheria, na adhabu za dawa za kulevya Ghuba ni nzito kupita kiasi. Wanawake wetu wamefungwa kwa mizigo ambayo hawakuifungua.

Nimeiacha sare mpaka sasa kwa makusudi. Wifi yako alikosea kusema vile mbele ya watu, na una haki ya kuumia. Ila mfikirie pia mwanamke anayemuoza binti wa kwanza, mbali na kwao, akipokea maswali ya sare kutoka kwa watu 40. Baada ya kumaliza na kaka yako, mpigie na yeye, msalimu, muulize habari za binti, kisha umwambie, “Wifi, nitavaa sare ya Ijumaa, Alhamisi nitavaa dera langu jipya.” Usiombe ruhusa wala usieleze mfuko wako. Sare si nguzo ya ndoa. Ndoa ni walii, mashahidi, mahari, na ridhaa ya hao wawili, na hakuna atakayesimamisha khutba kwa sababu shangazi mmoja amevaa rangi nyingine.

Kwenye zawadi usishindane na dhahabu za Maskati. Riali moja ya Oman inazidi Sh6,000, na huko zitatolewa seti ambazo mshahara wa mwaka wa mwalimu hauzifikii. Wewe ni shangazi, dada wa baba, na nafasi hiyo haina mwingine wa kuijaza. Mpelekee binti doti za kanga zilizochaguliwa jina kwa jina, udi uliochanganywa na mama kwa mkono wake, na liwa ya kumsinga. Uliza mapema kama kuna siku ya kumsinga au ya hina, uombe uwepo. Binti aliyekulia ughaibuni mara nyingi hana mtu wa kumkalisha chini na kumwambia mambo ya ndoa kwa Kiswahili, kwa upole, bila haya wala matusi. Hiyo kazi ni yako, na hakuna atakayekuja nayo kutoka dukani.

Ukumbini simu iache mkobani. Kumbi nyingi za wanawake huko hukataza kabisa picha, na sheria ya Oman ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011 inamwadhibu anayepiga au kusambaza picha za faragha za watu. Usitume kundini hata picha ya meza mpaka mama wa bibi harusi aseme ndiyo. Na msimgeuze kaka dereva wa matembezi. Soko la Mutrah huko Maskati mtaliona kama kutapatikana nafasi.

Kaka akikataa je? Basi tafuteni ndugu mwingine anayesafiri ndege ile ile, mtu mzima anayejua kuchoma sindano ya mama na ambaye mama anamkubali. Akipatikana, mama aende, wewe ubaki na ada yako. Asipopatikana, mbaki wote wawili, na wewe ndiye wa kumwambia kaka sababu, kwa sauti ya upole na mara moja tu. Zawadi zitangulie na mtu wa kuaminika, na mmwalike binti na mumewe Tanga baada ya Ramadhani, muwapokee kwa maulidi na pilau ya nyumbani. Kubaki kwa sababu ya ada na afya ya mama si kinyongo, na atakayekiita kinyongo atakuwa anajijibu mwenyewe.

Jipe mwisho wa uamuzi. Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo uwe umezungumza na kaka, kwa sababu tiketi za majira ya harusi hupanda bei kadiri Ramadhani inavyokaribia, na cheti cha mama hakitasubiri muelewane. Mpigie leo usiku.